Kadi ya Thok Imekataliwa

Wasomaji wangu mlionijazia simu wiki nzima mkiuliza kioo cha kompyuta kilimwambia nini Nyaboth, haya, someni naye. Mwenyewe alikuwa anasoma kwa mara ya tatu na bado maneno hayakumwingia akilini.

"Habari, Thok. Kadi yako imekataliwa. Lipa ili uendelee."

Ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu aitwaye Thok. Thok yuko Nairobi. Kwa faida ya aliyeanza kutusoma leo, Thok ndiye mchumba ambaye Nyaboth alimwacha mwaka jana, akamrudishia pete, simu, na hata ule mto wa shingoni aliomnunulia kwa safari za basi. Alimfuta kwenye picha, akamfuta kwenye maombi. Sasa jina lake lilikuwa limejaa kioo kizima, mbele ya mtu ambaye Nyaboth alimhitaji kuliko mwingine yeyote katika mji wa Juba.

Mtu huyo ni mzee Arkangelo, mwenye ghala la mizigo jirani na uwanja wa ndege. Alikuwa amekaa ng'ambo ya meza ya ofisi yake ya ghalani, mkataba mbele yake, kalamu mkononi. Sharti lake mnalikumbuka, na kama hamlikumbuki ni hili: nionyesheni programu ya ghala langu ikifanya kazi, mbadilishe kitu kimoja mbele ya macho yangu, niweke saini. Mkishindwa, kwaherini.

Nyaboth hakuwa na ruhusa ya kushindwa. Ofisi yake, chumba kimoja kule mtaa wa Custom juu ya duka la vipuri vya boda boda, ilikuwa inaning'inia kwenye saini ile. Saini ikikosekana, chumba kinafungwa, naye anarudi kwa shangazi yake mtaani Jebel kuuza vitenge na kuambiwa kila siku kwamba kompyuta si kazi ya mtoto wa kike. Alikuwa ameapa kwamba harudi.

"Thok ni nani?" aliuliza mtu nyuma yake.

Huyo ni Mugisha, mshirika wake wa kazi, Mganda wa Fort Portal, mrefu, mpole, na mwenye tabia ya kumletea Nyaboth chapati ya mayai bila kuulizwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta viatu vya mwanamume mwingine mlangoni.

"Ni mtu wangu wa kadi," Nyaboth alisema.

Msicheke. Wanaofanya kazi za kompyuta Juba wananielewa. Kadi ya benki inayokubaliwa na wauza programu wa mtandaoni haipatikani kirahisi hapa, kwa hiyo kila mmoja wao ana mtu wake wa kadi, Nairobi au Kampala. Unamtumia pesa kwa simu, yeye anakulipia, na leseni inatoka kwa jina lake. Nyaboth alipomwacha Thok alirudisha kila kitu isipokuwa hilo. Alijua fika kwamba mchumba mwingine angempata kabla ya mvua kwisha, lakini mtu mwingine wa kadi, asiyechelewa na asiyeuliza maswali, angemtoa wapi? Akaacha mambo yajiendee. Kila mwezi alituma pesa bila salamu, na kila mwezi Thok alilipa bila salamu.

Mpaka leo.

"Kalam de shunu?" mzee Arkangelo aliuliza, akisukuma miwani juu. "Maneno gani hii? Programu yangu iko wapi?"

"Iko ndani, mzee," Nyaboth alisema. "Hii unaona si programu yako. Hii ni kihariri, mahali sisi huandikia kazi. Wewe chukulia ni jiko. Chakula chako kiko ndani."

"Na jiko imefungwa."

"Mwenye jiko anataka alipwe kwanza."

"Kwani hamkununua?"

"Hii huwa hainunuliwi, mzee. Inalipiwa kila mwezi."

"Hata mwezi ambayo hamjapika?"

"Hata huo."

Nyaboth alitarajia mzee akasirike. Mzee akatabasamu, tena kwa heshima, kama fundi aliyesikia habari za fundi mwenzake.

"Huyo mtu ana akili," alisema. "Mimi nalipisha mzigo ikilala kwa ghala. Yeye analipisha watu hata wakilala kwao."

Kisha akanyoosha kalamu kuelekea dirishani. "Ndege ya mizigo ya Entebbe iko njiani. Ikigusa chini, mimi natoka, kalas, basi. Mpaka hapo, fungueni jiko."

Nyaboth alitoka nje na simu. Thok alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Niaje, Nya."

"Kadi yako imekataa."

"Haijakataa. Nimeifunga."

"Thok, niko kwa mteja. Sasa hivi."

"Najua," Thok alisema, na alikuwa ametulia kabisa. "Si kazi yako yote iko kwa akaunti yangu? Nakuonanga ukiandika, Nya. Hiyo ya ghala ni kali sana, sikudanganyi."

Kompyuta ya Nyaboth ilikuwa kuukuu, na alikipendea kile kihariri cha kulipia kwa mwezi kwa sababu kilihifadhi kila kitu chenyewe huko mtandaoni, yeye asibebe mzigo. Hakuwahi kujiuliza kinahifadhi kwenye kabati la nani. Kumbe miezi yote hii alikuwa anaandika huku mtu aliyemwacha anachungulia, na kwenye mashine yake mwenyewe hakukuwa na mstari hata mmoja.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Jina langu liwe kwa hiyo mkataba. Nusu kwa nusu. Nafungua kadi saa hii, hata hujarudi kwa kiti."

"Pesa ni yangu. Kila mwezi natuma mimi."

"Na kadi ni yangu."

Hasira ilimpanda Nyaboth mpaka machozi yakamlenga. Lilikuwa neno moja tu. Akisema ndiyo, mlango unafunguka, mzee anatia saini, ofisi inapona. Lakini kila mara atakapofungua kazi yake asubuhi, atasalimiwa kwa jina la Thok.

"Kaa na kadi yako," alisema, akakata simu.

Alipoikata ndipo alipogundua kwamba hana mpango mwingine wowote.

Alirudi ndani na uso wa msiba. Mugisha alikuwa amekwisha kufungua kompyuta yake mezani.

"Nyaboth, mimi iko na kopi," alimnong'oneza. "Ya mwezi jana. Nilichukua ya kusomasoma nyumbani."

"Mugisha, wewe ni malaika."

"Lakini ile ya mizigo iliyolala haiko. Uliandika juzi."

Ukurasa wa mizigo iliyolala ndio mzee Arkangelo aliokuwa anausubiri kwa hamu, maana ndio unaomhesabia ushuru wake. Nyaboth alivuta kiti. "Basi naiandika upya, hapa hapa. Nipe kihariri."

"Gani?"

Swali dogo, lakini lilikuwa na historia. Tangu wafungue ofisi, wawili hawa wamegombana juu ya vihariri kuliko watu wengine wanavyogombana juu ya timu za mpira. Nyaboth alikuwa mtu wa Bwana Mkubwa, ndivyo walivyomwita yule wa kulipia kwa mwezi, anayejua kila kitu, anayekumalizia sentensi kabla hujaifikiri na asiyesahau tarehe ya kudai. Mugisha alikuwa na wawili, Muungwana na Kizee. Majina yao ya kweli siyataji. Wenyewe wapo, na wana mawakili.

Muungwana huuzwa mara moja, ukalipa mkaachana. Ila ana udhaifu mmoja, ana aibu. Hata usipomlipa anakufanyia kazi yote, na anachofanya ni kukuomba mara mojamoja, kwa adabu, kama ungependa kumnunua. Nyaboth alimchagua huyo. Alimwona akitumiwa kila siku na alijua vitufe vyake viko wapi.

Aliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidole vikachangamka. Mzee Arkangelo alikuwa amezungusha kiti chake ili aone vizuri, na hapo ndipo Muungwana alipochagua kufungua kidirisha chake katikati ya kioo.

"Inasema nini?" mzee aliuliza.

"Hakuna kitu, mzee," Mugisha alisema, akinyoosha mkono kukifunga.

"Toa mkono. Mimi najua kusoma. Inasema hujalipa."

"Inakumbusha tu, ssebo, mzee wangu."

"Tangu lini?"

Mugisha alijikuna shingo. "Tangu nilinunua kompyuta."

"Na haikufungii?"

"Hapana. Iko na adabu."

Kama kuna neno ambalo Mugisha angelimeza, ni hilo. Uso wa mzee ulibadilika. Nusu ya ghala lake, mpendwa msomaji, imejaa vitu vya watu aliowakumbusha kwa adabu.

"Mimi pia niko na adabu," alisema. "Kuna mtu wa mabati, kila siku namkumbusha. Kila siku ananiambia kesho, mzee. Nilikuwa najiuliza huyu mtu amezaliwa na nani. Kumbe mko wengi."

"Mimi nilitaka kulipa," Mugisha alisema. "Sina kadi."

"Huyo wa mabati pia anataka."

Mzee alivua kofia yake akaiweka juu ya mkataba, ukafunikwa wote. Nyaboth aliitazama ile kofia akaona chumba chake cha Custom kikiwa chini yake.

"Biniya, binti yangu, nisikie," mzee alimwambia. "Kitu ya mtu ambaye hajalipwa, hamnitengenezei programu nayo. Kesho nitakuwa mimi ndiyo sijalipwa. Funga hiyo."

Nyaboth alifunga. Akabaki Kizee.

Sijui niwaelezeje Kizee. Ana kioo cheusi, hana vitufe, na panya wa kompyuta hamtambui. Ukibonyeza herufi haiandiki, yeye anaichukua kama amri. Nyaboth alimfungua mara moja tu maishani, akashindwa kutoka, akazima kompyuta nzima kwa kidole na kuapa mbele ya Mugisha kwamba hatamgusa tena. Sasa alimfungua kwa hiari yake, mbele ya mteja.

Maandishi machache yalitokea katikati ya weusi. Mzee alisogea, akayasoma kwa sauti ya chini.

"Hii nayo inadai," alisema.

"Hapana, mzee," Nyaboth alisema. "Hii ni ya bure kabisa. Aliyeitengeneza hakutaka pesa. Aliomba tu, ukiipenda, usaidie watoto maskini wa Uganda."

Mzee Arkangelo aligeuza kichwa taratibu, akamtazama Mugisha kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Uganda, ssebo."

"Na umesaidia hao watoto?"

"Mzee, mimi nilikuwa mtoto maskini ya Uganda. Mimi naona hii kitu ndiyo iko na deni yangu."

Nyaboth alifumba macho. Kisha akasikia meza ikitikisika, akafumbua, na kumbe ni tumbo la mzee. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa tai. Alipomaliza, aliiokota kofia kutoka kwenye mkataba na kuirudisha kichwani.

"Tamam," alisema. "Huyo amelipwa. Andika."

Nyaboth aliandika. Au alidhani anaandika, kwani nusu ukurasa ulitoweka.

"Umefuta," Mugisha alisema.

"Nimeona kwamba nimefuta."

"Bonyeza u. Imerudi. Sasa bonyeza i kwanza, ndiyo ikubali kuandika."

"Kwa nini isikubali tu yenyewe?"

"Nyaboth, bambi, tafadhali, bonyeza i."

Alibonyeza. Mstari ukakaa, na mwingine ukafuata. Mugisha aliinama begani kwake akimtajia herufi, moja ya kushuka, moja ya kuruka, moja ya kuhifadhi, na Nyaboth akaanza kuona kwamba ule ukurasa aliodhani umebaki Nairobi ulikuwa kichwani mwake siku zote. Aliuandika mara ya kwanza kwa kuhangaika. Mara hii aliuandika mfupi zaidi, na akaona makosa mawili aliyokuwa ameyaacha kule. Hayo Thok atabaki nayo. Wazo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotarajia.

Ukurasa ukafunguka. Mizigo iliyolala ikajipanga, kila mmoja na ushuru wake. Mzee aliyatafuta mabati, akayaona, akaguna kwa kuridhika.

"Sasa mimi nasema kitu ya kubadilisha," alisema. "Mnasikia hiyo?"

Kila mtu alisikia. Pembeni ya mlango kulikuwa na katoni zenye matundu, na ndani ya matundu vifaranga vya siku moja vilikuwa vinapiga kelele tangu asubuhi.

"Mzigo ingine ikilala, mimi nafurahi. Hii ikilala, inakufa, na mwenyewe anakuja kulia kwa ofisi yangu. Nataka programu yenyewe ndiyo ilie. Kabla ya mwenyewe."

Kwa mbali, upande wa mto, ngurumo ya ndege ilianza kusikika.

Nyaboth alirudi kwenye Kizee. Alitaka aina mpya ya mzigo, na jina likamjia lenyewe, "mzigo unaopumua". Aliandika sharti lake. Akakosea. Akarekebisha. Ngurumo ikakaribia, madirisha yakaanza kutetemeka, mzee akasimama na kuanza kuvaa koti. Mugisha alikuwa ameacha kutaja herufi, kwa sababu Nyaboth alikuwa hazihitaji tena. Alihifadhi, akafungua ukurasa wa ghala, akaingiza katoni za vifaranga.

Mstari wa vifaranga ukawa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. VITOKE LEO.

Mzee Arkangelo alisoma akiwa na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Alirudi, akakaa.

"Kweis," alisema. "Kweis sana. Biniya, wewe unajua kazi."

Nyaboth alitaka kulia, akacheka. Hakuwa na Bwana Mkubwa, wala kadi, wala Thok. Alimgeukia Mugisha wagonganishe viganja, lakini Mugisha alikuwa anatazama mkataba.

Mzee alishusha kidole mpaka mwisho wa karatasi. "Hapa, jina ya mwenye programu. Moja."

"Tuko wawili, mzee," Nyaboth alisema.

"Leo mko wawili, mnapendana. Siku mkigombana, mimi napigia nani simu? Huyo Thok alikuwa na ufunguo, nyinyi mmelala nje. Mimi siwezi kulala nje ya ghala yangu. Nataka mtu moja mwenye ufunguo. Andikeni, niweke saini, niende kwa ndege."

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa Nyaboth hata hakuona la kujadili. Wazo la ghala lilikuwa lake, kila mstari aliuandika yeye, mara mbili. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu, na mkono ukagusa meza tupu.

Kalamu ilikuwa kwa Mugisha. Alikuwa amekwisha kuinama, anaandika kwa hati yake nzuri ya shule ya misheni, na herufi tatu za kwanza zilikuwa zimekauka.

"Mugisha, unaandika nini?"

"Jina."

"La nani?"

Hakuinua kichwa. "Kompyuta iko yangu," alisema, bila ukali wowote. "Kopi iko yangu. Kihariri iko yangu. Bila mimi, Nyaboth, leo ungemwonyesha mzee nini?"

Nyaboth aliyatambua maneno hayo. Thok alikuwa amemwambia jambo lilelile, kwa maneno mengine, na yeye alimjibu papo hapo kwa kukata simu. Ila huyu, tofauti na Thok, ni mtu aliyekuwa anamwamini.

Nje, magurudumu ya ndege yaligusa ardhi. Mzee Arkangelo alimaliza kuvaa koti, akashika kitasa, akawatazama wote wawili kama mtu anayesoma bei mbili za mzigo mmoja.

"Biniya," alisema, "hiyo jina ni sawa ama si sawa? Sema sasa. Mkianza kugombana hapa mbele yangu, mimi nachukua karatasi yangu naenda."

Nyaboth aliweka kiganja kwenye ukingo wa mkataba, na akanyoosha kingine kwa Mugisha aombe kalamu aandike jina lake mwenyewe. Mugisha aliutazama mkono ule, kisha akaendelea kuandika lake.